Chai Iliyogeuka Wino

Jumatatu, Machi 4

Naandika kwa sababu visanduku vyao ni vidogo. Yule binti wa utafiti katuletea karatasi yenye mistari ya siku themanini na nne, na kila siku ina visanduku vitatu: amemeza, hakumeza, tumbo limeuma. Nikamwuliza, na mengine niyaweke wapi? Akacheka. "Mengine hatuyahitaji, bibi." Basi mimi nayahitaji. Daftari hili ni la mjukuu wangu. Kurasa tatu za mbele kachora kuku, nimeziruka.

Shule niliacha darasa la nne, lakini aliyewahi kuucheka mwandiko wangu hakurudia. Miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya hospitali na kuyaandika namba kwenye pindo. Sasa wanafua wengine wawili wa nyumba hii. Mmoja ni binti yangu wa mwisho, kitinda mimba, tunamwita Kitinda tu. Wa pili ni mke wa mwanangu. Huyo nimempa jina la Kimya, maana ukimsalimu asubuhi jibu unalipata jioni. Mwanangu mwenyewe yuko mbali kwenye kazi ya barabara. Anayebaki ni mjukuu, mtoto wa Kitinda, umri wake miaka sita na ulimi wake miaka sitini.

Utafiti umewachukua wanawake wa pale kazini kwa kuwa damu zao ni nyepesi. Wametobolewa vidole: Kitinda tisa, Kimya tisa na nusu. Mwanamke anatakiwa afike kumi na mbili. Kila mmoja kapewa kopo la vidonge vyekundu lenye jina lake. Makopo mengine yana chuma ndani, mengine hayana dawa yoyote, na hakuna anayejua yapi ni yapi, hata aliyeyaleta. Wanataka kujua chuma kinawafanyia nini vijidudu wanaokaa matumboni mwa wanawake.

"Wote tunao, bibi. Wengi wao ni wema."

Nikamwambia tumboni mwangu hakuna mpangaji niliyemkaribisha.

Kila baada ya wiki mbili atakuja kuchukua choo chao kwenye vikopo. Anaita sampuli. Mimi nimezoea kuita kitu kwa jina lake, kwa hiyo jina lake yeye ni Binti wa Vikopo. Kazi yangu ni kuwatolea vidonge asubuhi na kutia alama. Kasisitiza: kidonge kwa maji, si kwa chai, na chai ikae mbali nacho kwa muda wa saa mbili. Nikaitikia. Katika nyumba hii vidonge vimemezwa kwa chai tangu mume wangu yuko hai, na hakuna kilichokwama kooni.

Jumanne, Machi 5

Wote wamemeza. Kitinda kwa chai. Kimya kwa maji, maana chai hanywi, na mtu asiyekunywa chai mimi huwa simwelewi.

Ijumaa, Machi 8

Mvua imeanza. Mashuka hayakauki, wanayaanika kwenye korido za kazini na kupita katikati yake kama vipofu. Wote wamemeza.

Jumatatu, Machi 11

Kitinda kanifuata jikoni uso kaukunja. "Mama, choo changu kimekuwa cheusi kama lami."

Nikamwambia ndicho chuma hicho, tuliambiwa. Maana yake kopo lake ndilo lenye dawa. Nikamgeukia Kimya, cha kwako je? Akatazama chini. "Cha kawaida, mama."

Mjukuu akadakia: "Changu cha kijani, bibi."

"Wewe hakuna aliyekuuliza."

Nilifurahi, na humu sitaficha. Wangu kapata dawa, wa watu kapata chaki.

Jumapili, Machi 17

Siku ya nne Kitinda anaharisha. Tumbo limejaa upepo na linanguruma hadi mjukuu analisikia kutoka kitanda cha pili. Nimempikia chai nzito isiyo na maziwa, ile ambayo kijiko kikizama hukioni. Ndiyo dawa aliyonipa mama yangu na mimi ndiyo niliyowapa wanangu. Kikombe asubuhi pamoja na kidonge, kingine mchana, kingine jioni.

Jumatatu, Machi 18

Binti wa Vikopo kafika na sanduku lake la barafu. Kavaa viatu vya mvua na miwani yenye ukungu, anapokea vikopo vile kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi ya harusi. Mjukuu akamwuliza wale wadudu wanakula nini.

"Wanakula tunachobakiza. Mama yako akimeza chuma, mwili unachukua sehemu. Kile usichochukua kinashuka chini utumboni. Huko wapo wakorofi wanaokipenda chuma kuliko kitu kingine. Wakishiba wanaongezeka, wanawasukuma wale wema nje, na tumbo linachafuka."

Nikasema, kumbe ni kama mashemeji. Akacheka mpaka akavua miwani.

Halafu akaniuliza Kitinda anameza na nini. Nikajibu na maji. Sikuwa tayari kufundishwa namna ya kumnywesha mtoto niliyemzaa.

Ijumaa, Machi 22

Kitinda kakosa kazi siku mbili. Msimamizi wao kapaza sauti mbele ya watu kwamba nyumba ya dobi haitaki mgonjwa, inataka mikono. Nguo za sinki la Kitinda kazifua Kimya pamoja na zake, nimeyasikia kwa jirani.

Leo walipokuwa wametoka nimefanya jambo. Dobi yeyote anajua kwamba shuka lenye kutu likimwagikiwa chai linaota doa jeusi, na doa hilo hata ulifue kwa machozi halitoki. Kutu ni chuma. Nikachukua kidonge kimoja cha Kitinda, nikakiponda kwa mgongo wa kijiko, nikakitia kwenye nusu kikombe cha chai. Nikakoroga, nikaacha. Nilipomaliza kufagia nikarudi kutazama. Wino. Ungeweza kuandikia. Nikaponda na kimoja cha Kimya kwenye kikombe kingine. Chai ilibaki chai, chini ungaunga mweupe umetulia.

Nilikaa na vikombe viwili mezani muda mrefu. Kitu kile cheusi ndicho kilichokuwa tumboni mwa Kitinda kila siku. Na nani alisema wangu ndiye ale kutu, huku mke wa mwanangu analala usingizi wake bila kugeuka? Yule hajawahi kulalamika tumbo wala kichwa, hata siku aliyofiwa na mama yake alimaliza kwanza kukamua nguo.

Nikamwaga vidonge vya Kitinda kwenye bakuli, vya Kimya kwenye sufuria, nikavirudisha kinyume. Vinafanana kama mayai. Makopo nikayaweka yalipokuwa.

Jumamosi, Machi 23

Wote wamemeza.

Jumatano, Machi 27

Tumbo la Kitinda limetulia. Kala sahani nzima ya maharage na kumchekesha mtoto wake kwa kumwigiza msimamizi. Nimezaa watano, nimekuza wawili, halafu nafundishwa tumbo na mtoto mwenye miwani. Kwenye kisanduku cha tumbo sitii alama tena.

Jumatatu, Aprili 1

Vikopo vimechukuliwa. Binti wa Vikopo kaangalia karatasi yangu na kunisifu kwamba najaza vizuri kuliko nyumba zote.

Alhamisi, Aprili 4

Mvua. Paa linavuja juu ya kabati. Wote wamemeza.

Jumanne, Aprili 9

Kitinda kaja kutoka kazini na weupe pembeni mwa midomo. Nikamshika kidevu, nikafuta kwa kidole, nikaonja. Wanga. Wanga wa kukazia mashuka.

"Unakula kazi yako?"

"Nauonja tu, mama. Siku hizi nautamani."

"Una mimba?"

"Mimba ya nani, mama? Ya mashine ya kukamulia?"

Tukacheka. Lakini alipovua koti niliona kwenye mfuko wake karatasi iliyokunjwa, na ndani wanga mkavu wa kutosha kukazia mashuka kumi.

Jumamosi, Aprili 13

Ujumbe umekuja. Jumatatu wote waende wakatobolewe vidole tena, ni nusu ya safari. Atakayekutwa damu imeshuka anatolewa kwenye utafiti na kutibiwa.

Sikuwa nimeufikiria mtobo huu. Wakipima watajua kwamba damu haiendi na kopo. Kule hospitali, katika miaka yangu thelathini na moja, shuka langu halijarudishwa hata moja kwa uchafu, na jina langu wanalijua hadi jikoni. Nitaitwa bibi aliyeiba dawa.

Jumatatu, Aprili 15

Nimewaambia zamu ya nyumba yetu imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Binti wa Vikopo alipotuma mtu kuuliza, nikamwambia wamekwenda msibani, mbali, na wakirudi watakuja wenyewe. Nimesema uongo mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, na wote ulitoka bila kukwaruza.

Jumapili, Aprili 21

Pale kwetu kuna ngazi kumi na nne kutoka barabarani. Kitinda leo kasimama mara mbili kuzipanda, mkono kifuani. Anasema moyo unapiga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Nyuma yake Kimya kapanda na mafurushi mawili, moja kichwani moja kwapani, na alipofika juu akashuka tena kumshika mwenzake kiwiko.

Nimemtazama sana huyu mwanamke wiki hii. Kanawiri. Mashavu yamejaa, kucha zimeng'aa. Kadiri wangu anavyopungua, yeye anaongezeka. Nimelala na wazo baya kwamba ananyonya nguvu za Kitinda. Halafu nakumbuka ni nani aliyezihamisha, najigeuza upande wa pili.

Jumatano, Aprili 24

Wote wamemeza. Naandika hivyo hivyo kila siku, mkono umezoea.

Jumapili, Aprili 28

Kimya kaongea. Nilikuwa nachambua maharage, akaja akasimama mlangoni na mikono mibichi.

"Mama, naomba Kitinda apelekwe akatobolewe. Viganja vyake vimekuwa vyeupe."

"Tangu lini jiwe likaimba?"

"Mama, damu yake ya mwezi inatoka nyingi mno. Nafua naye, naiona."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ukizaa utanifundisha."

Hilo la mwisho sikupaswa kulisema. Ana miaka mitano kwenye ndoa na tumbo halijashika. Akajifuta mikono, akarudi uani. Maharage niliyachambua yote, na nilipoyaosha nikakuta mawe matatu.

Jumamosi, Mei 4

Siku ya sita ya mwezi wake na bado damu haikati. Vitambaa nimefua mimi, sikutaka Kimya avione tena. Nimefua damu za watu maisha yangu yote, naijua damu. Hii imepauka, ni maji yaliyopita kwenye damu.

Nimefungua kiganja chake alipokuwa kalala. Kilikuwa cheupe, ningeweza kuandika juu yake.

Jumatatu, Mei 6

Nimerudisha. Asubuhi kabla hawajaamka nimemimina vidonge, kila aina kwenye kopo lake la kwanza. Kitinda nimempa viwili kwa mpigo, na chai nzito kikombe kizima vishuke vizuri. Nitafanya hivyo kila siku mpaka nguvu zirudi.

Jumanne, Mei 7

Viwili tena, na chai. Tumbo limemkata mchana kutwa. Jioni kanisukuma mkono. "Mama, niache. Hivi vidonge vyako nimechoka navyo."

Vyangu.

Alhamisi, Mei 9

Nitaandika yote kama yalivyokuja, nikiacha moja nitaacha mengine.

Saa tatu asubuhi mtu wa kazini alikuja mbio. Kitinda kaanguka kwenye chumba cha pasi. Nilikimbia na kandambili, mvua usoni. Hospitali iko ukuta mmoja na nyumba ya dobi, kwa hiyo walikuwa wamekwisha kumhamisha, wamembeba kwenye kitoroli cha nguo chafu. Kimya ndiye aliyekisukuma. Sketi yake ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni na nikapiga kelele nikidhani na yeye. Ilikuwa ya Kitinda.

Walimlaza kwenye shuka namba 212. Namba hiyo ni ya mwandiko wangu, mbili zangu zina mkia mrefu.

Daktari alikuwa mwanamume mnene, mpole, anapumua kwa mdomo. Aligeuza kope la Kitinda, akatazama, akaninong'oneza kama tuko msikitini au kanisani. "Mama, huyu damu yake imebaki nne. Amekuwa hivi tangu lini?"

Nikasema tangu jana.

Kuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ndio unaotoa damu. Akasema uvimbe huo wanawake wengi wanao na wanaishi nao, ila huyu hakuwa na akiba. Chumba cha damu kilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake, wakaianza. Zinahitajika tatu au nne. Nikakunja mkono wa gauni nikamnyooshea. Akaushusha taratibu. "Umri wako umepita, mama."

Kimya akasema, "Nipimeni mimi."

Kundi lake lilikubali, kisha nesi akamtoboa kidole palepale mbele yangu. Nikaangalia ile mashine ndogo na nikajua itasema nini kabla haijasema. Kumi na tatu kasoro kidogo. Nesi akashangaa. "Dada, wewe ndiye mwenye damu nzuri kuliko wote waliokuja wiki hii. Unakula nini?"

Kimya aligeuza uso akanitazama mimi, si kwa hasira, kwa muda tu mrefu kuliko aliowahi kunitazama. Kisha akalala kwenye benchi, akafumba macho, wakamchoma.

Niliona mfuko unajaa. Ulikuwa mwekundu mzito, mwekundu wa mtu mzima. Nilikaa katikati ya wale wawili, mmoja akitoa na mwingine akisubiri, na chuma kilichokuwa ndani ya mfuko ule ni mimi niliyekitoa kwenye mdomo wa mwanangu. Sasa kilikuwa kinarudi kwa mlango wa nyuma, na kimechelewa.

Mchana Kitinda alifumbua macho. Akauliza mtoto kala nini. Nikamwambia wali. Akasema, "Usimpe chai, anakojoa kitandani." Hayo ndiyo maneno aliyonipa.

Ijumaa, Mei 10

Chupa mbili zimeingia. Damu inaendelea kutoka. Wametuma watu hospitali nyingine, barabara ya chini imejaa maji. Moyo wake unasikika hadi kwenye kitanda.

Jumamosi, Mei 11

Kaondoka saa moja asubuhi. Nilikuwa nimemshika mguu.

Jumapili, Mei 12

Tumemzika. Mvua.

Jumapili, Mei 19

Wiki nzima watu wamekuja na kunipa pole, na kila mmoja anasema nilimhangaikia mwanangu, kila asubuhi na kidonge chake. Natikisa kichwa. Nimewahi kuwaambia wanawake wengi mlangoni hapa kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Niliyasema kwa watoto wa wenzangu, kwa ulimi mkali, na nikarudi ndani kumpikia wangu chai.

Leo wamekwisha kuondoka. Mjukuu kalala mchana, kashika leso ya mama yake. Kimya alikuwa uani anakamua nguo, mwanangu kaja kwa mazishi na karudi barabarani kwake. Nikaburuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Nina neno," nikamwambia.

"Najua, mama."

"Hujui."

"Vidonge. Ulibadilisha. Siku ya tatu choo changu kilikuwa cheusi."

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye nguo aliyoishika, akayaacha yatiririke.

"Na ukanyamaza," nikasema. Hata hapo nilitaka kupata pa kumshika.

"Nilikuja nikakuambia apelekwe."

"Ulisema viganja. Vidonge hukusema."

Akakaa chini, pale kwenye sakafu yenye povu, na miguu kainyoosha kama mtoto. "Nguvu zilikuwa zimenirudia, mama. Napanda ngazi bila kusimama. Nafua masinki mawili jioni bado nacheka. Sijawahi kuwa hivyo tangu nimekuwa mwanamke. Nikajiambia wiki moja tu, halafu nitasema. Wiki ikaisha, nikajiambia nyingine. Nilidhani hata mwezi wangu ukikaa sawa nitashika mimba." Akajifuta uso kwa mkono wenye sabuni. "Na ningesema, mama, ungenisikiliza?"

Miaka mitano tangu aingie nyumba hii, leo ndiyo mara ya kwanza mimi kunyamaza.

Ijumaa, Mei 24

Binti wa Vikopo kaja bila sanduku la barafu. Kavua viatu vya mvua mlangoni, kanikumbatia, kalia kuliko majirani. Halafu kanieleza kilichomleta. Mtu akifariki kwenye utafiti lazima wafungue bahasha waone alikuwa anameza nini. Wamefungua. Kitinda alikuwa wa chuma. Kimya alikuwa wa kidonge kitupu.

"Na hapa ndipo tumechanganyikiwa, bibi. Aliyepewa chuma damu imeshuka hadi nne. Aliyepewa kitupu imepanda hadi kumi na tatu. Na karatasi yako inasema walimeza kila siku bila kukosa. Wakubwa wangu wanasema pengine chuma ndicho kilichomdhuru. Wanataka vidonge vya chuma visimame kwa wanawake wote sitini wa pale, hata utafiti ukiisha, mpaka wajue."

Sitini. Nawajua wote, na wengine nilishika watoto wao siku ya kuzaliwa. Wenye viganja vyeupe nawajua pia.

Kimya alikuwa amesimama kando ya kabati. Hakunisaidia na sikustahili.

Nikamwambia yote. Vikombe viwili, bakuli na sufuria, msiba wa uongo, vile vidonge viwili vya mwisho. Alisikiliza bila kuandika. Nilipofika kwenye chai akainua mkono.

"Chai, bibi? Tangu lini?"

"Tangu kidonge cha kwanza."

Akavua miwani akaiweka kwenye magoti. "Ile rangi nyeusi uliyoiona kikombeni ndiyo hiyo hiyo inayofanyika tumboni. Chai inakikamata chuma, mwili haukipati. Chote kinashuka chini kwa wale wakorofi niliomwambia mjukuu. Sampuli yake ya kwanza walikuwa wamejaa, wale wema wamekwisha. Nikadhani ni dawa." Akaifuta miwani kwa kidole gumba. "Kwa maji pengine tumbo lisingemchafuka hivyo."

Kwa hiyo dawa ile niliyodhani inamuua, mimi ndiye niliyeigeuza. Na nilipoona imegeuka, nikampa mwingine aliyejua kuimeza.

Nikamwuliza kama angepona. "Siwezi kukuambia hivyo, bibi. Uvimbe ulikuwepo. Ila Aprili tungemwona." Ni mtoto mkweli. Ningependa angedanganya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi sikuficha maradhi. Nilificha jina langu, na aliyeumbuka ni mwingine.

Jumatatu, Mei 27

Siku ya themanini na tano, karatasi imeisha. Mvua imekatika tangu Jumamosi na mashuka yanaanikwa nje, kutoka dirishani naona mistari minne meupe.

Binti wa Vikopo yuko hapa mlangoni, kakaa kwenye kigoda changu, anangoja nimalize ukurasa. Ile karatasi ya visanduku nimemwambia aitupe, ni ya uongo kuanzia Machi 22, na kuhusu maji ni ya uongo kuanzia siku ya kwanza. Atachukua daftari hili. Kasema jina langu litafunikwa. Nikamwambia asilifunike pale kazini. Wale wanawake sitini waambiwe ni nani na alifanya nini, wakisikia ni dobi mwenzao wataelewa habari ya chai upesi kuliko wakiambiwa na daktari. Kasema ataomba ruhusa. Nikamwambia kama hawampi nitakwenda mwenyewe kwenye chumba cha pasi, wananijua sauti.

Mjukuu kauliza kama kuku wake watarudishwa. Nimezikata zile kurasa tatu nikampa.

Kimya katoa chupa nzima ya damu, kwa hiyo hospitali imempa vidonge vya chuma, vya kweli, vya siku tisini. Asubuhi hii aliviweka mezani mbele yangu bila kusema kitu, akakaa, akangoja, kama nilivyokuwa nikiwakalisha. Nikafungua kopo. Nikahesabu kimoja. Mtoto ndiye aliyeleta kikombe.

Kameza kwa maji. Birika nimelikausha, nimelipandisha juu ya kabati.